Neno lina mpaka wake, mahakama zimeuweka wapi?

Na Mwandishi Wetu wa Habari za Kanda, Rusizi

MFANYABIASHARA wa Kamembe hutafuta habari kabla ya kutafuta mzigo. Asubuhi anataka kujua kama daraja liko wazi, dola inabadilishwa kwa kiasi gani Bukavu, mchele wa Bugarama umefika bei gani, na kama kuna ugonjwa uliozuka upande wa pili. Habari hizo kwa kawaida hazimfikii kwa tangazo la serikali. Humfikia kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mwenzake, naye anausambaza kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wa nchi tatu.

Wilaya ya Rusizi inapakana na nchi mbili, Kongo na Burundi. Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, malori yalisimama Ruhwa lakini ujumbe haukusimama. Simu haipiti forodha.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Ujumbe ukisema faranga ya jirani inaporomoka, au ukimtaja ofisa anayedai rushwa, au ukaja kugundulika kwamba haukuwa wa kweli, je, aliyeusambaza amefanya biashara au ametenda jinai? Katika miaka ishirini na zaidi iliyopita mahakama za kanda hii zimelijibu swali hilo mara nyingi. Majibu yake yanamhusu mchuuzi kama yanavyomhusu mwandishi wa habari.

Pale ambapo hakuna ubishi

Kwa msomaji wa Rwanda, mjadala huu unaanzia 1994, wakati redio ya RTLM na gazeti la Kangura vilipotumika katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze tarehe 3 Desemba 2003. Rufaa ya Novemba 2007 iliondoa baadhi ya makosa, lakini ikabakiza vifungo vya miaka 30, 32 na 35.

Kesi ya mwanamuziki Simon Bikindi inaonyesha mstari huo kwa ukaribu zaidi. Alihukumiwa miaka 15 Desemba 2008. Watu wengi wanadhani alifungwa kwa ajili ya nyimbo zake. Sivyo. Mahakama ilikubali kwamba nyimbo hizo zilitumika kueneza chuki, lakini kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti mwishoni mwa Juni 1994, kwenye barabara kati ya Kivumu na Kayove, akiwahimiza watu wawaue Watutsi. Majaji walitazama nani anasema, wakati gani, mbele ya nani, na anawaambia wasikilizaji wafanye nini.

Kuchochea watu waue si maoni. Hakuna mahakama katika kanda hii inayolitilia shaka hilo.

Ugumu unakuja pale maneno yanapokaa karibu na jeraha hilo bila kuwa wito wa kuua. Mwanasiasa Victoire Ingabire alihukumiwa miaka 8 na Mahakama Kuu ya Rwanda mwaka 2012, na Mahakama ya Juu ikaiongeza kuwa 15 mwaka 2013. Makosa yake yalihusu njama dhidi ya serikali na kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ikiwa Arusha, iliamua tarehe 24 Novemba 2017 kwamba Rwanda ina haki ya kuwa na sheria dhidi ya kukana mauaji ya kimbari, hasa kutokana na historia yake. Hata hivyo, iliona kwamba maneno aliyoyasema kwenye kumbukumbu ya Gisozi hayakuthibitishwa kuwa ya kukana, na kwamba uhuru wake wa kujieleza na haki yake ya kujitetea vilikiukwa.

Wakati hukumu hiyo inatolewa, Rwanda ilikuwa imekwisha kuondoa, mwaka 2016, tamko linalomruhusu mtu binafsi kuishtaki mbele ya mahakama hiyo. Ilieleza kwamba mlango huo ungeweza kutumiwa na wanaokimbia kesi za mauaji ya kimbari. Burundi na Kongo hazijawahi kutoa tamko hilo.

Thamani ya fedha si siri

Kwa anayebadilisha faranga kila siku, hukumu yenye uzito zaidi ni ya tarehe 15 Mei 2015. Chama cha Waandishi wa Habari wa Burundi kilikuwa kimeipeleka serikali ya nchi yao mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, kikipinga sheria ya vyombo vya habari ya Juni 2013.

Sheria hiyo iliviwekea vyombo vya habari mipaka katika kutangaza mambo kadhaa. Miongoni mwake yalikuwa uthabiti wa sarafu, habari zinazoweza kudhuru heshima ya kifedha ya nchi na uchumi wake, na makala zinazowaudhi watu wa umma au binafsi. Mwandishi alitakiwa pia kutaja chanzo cha habari zake katika mambo fulani, yakiwemo ya usalama wa taifa.

Majaji waliona kwamba vizuizi hivyo, pamoja na lile takwa la kutaja vyanzo, havilingani na Mkataba wa Jumuiya, hususan ibara ya 6(d) na 7(2) zinazozifunga nchi wanachama kwa utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali inayowajibika kwa wananchi haiwezi kuwepo bila vyombo vya habari huru.

Kwa lugha ya sokoni, bei ya fedha ni jambo la watu wote. Serikali inaweza kusimamia sarafu yake kwa benki kuu na kwa sera, lakini haiwezi kuitetea kwa kuwafunga watu midomo.

Mahakama hiyohiyo ilirudi kwenye njia ileile tarehe 28 Machi 2019, katika kesi ya Baraza la Habari Tanzania na wenzake. Vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vikiwemo vya kashfa ya jinai, uchochezi na habari za uongo, vilionekana kuvunja Mkataba. Lakini mahakama ya Arusha haifuti sheria ya nchi. Inatamka kwamba sheria imekiuka Mkataba, kisha nchi ndiyo inayopaswa kurekebisha. Tanzania ilipitisha marekebisho ya sheria hiyo mwaka 2023, miaka minne baadaye.

Dhahabu ya Kongo na habari za uongo

Je, habari ikiwa si ya kweli? Kwa mfanyabiashara hili ndilo swali la kila siku, kwa sababu ujumbe wa asubuhi unaweza kukanushwa mchana.

Tarehe 21 Septemba 1997 gazeti la The Monitor la Kampala lilichapisha habari, likinukuu jarida la nje, kwamba Laurent Kabila aliilipa Uganda kwa dhahabu kwa msaada iliompa katika kumwondoa Mobutu. Waandishi Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda wakashtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo zinazoweza kuleta hofu kwa umma.

Mahakama ya hakimu iliwaachia mwaka 1999, lakini wao walitaka sheria yenyewe iondoke. Tarehe 11 Februari 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda iliwakubalia. Jaji Joseph Mulenga alieleza kwamba neno halipotezi ulinzi wa katiba kwa sababu tu wengine wanaliona si la kweli au si sahihi. Kama serikali inataka kulizuia kwa sababu ya hatari, hatari hiyo iwe ya kweli na inayoonekana, isiwe ya kukisiwa.

Kosa la uchochezi dhidi ya serikali lilifuata. Mahakama ya Katiba ya Uganda ililibatilisha Agosti 2010. Januari 2023 ikabatilisha pia kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta kilichoadhibu mawasiliano ya kuudhi. Kenya ilikuwa imetangulia: Aprili 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno, na Februari 2017 ikafuta kashfa ya jinai. Aliyechafuliwa jina aende mahakamani kudai fidia. Jela si dawa ya kashfa.

Ofisa aliyeudhika

Rwanda nayo ilipata hukumu yake. Wakili Richard Mugisha alipinga vifungu kadhaa vya sheria ya makosa na adhabu ya 2018. Kimojawapo, cha 233, kilimtisha jela yeyote anayewadhalilisha viongozi wa taifa na watu wanaotoa huduma za umma, kwa maneno, kwa ishara, kwa maandishi au kwa katuni.

Fikiria maana yake kwenye kaunta ya mpakani. Mama aliyecheleweshwa na mzigo wa samaki wanaoharibika, akipaza sauti, angeweza kujikuta ndani ya kifungu hicho.

Mahakama ya Juu ilikiondoa tarehe 24 Aprili 2019. Siku hiyohiyo ilibakiza kifungu cha 236 kuhusu kumtukana Rais. Ofisi ya Rais ikatoa tamko kwamba, kwa maoni ya Rais, jambo kama hilo linafaa kuwa la madai, si la jinai. Sheria ilirekebishwa mwaka huohuo na kifungu kikaondoka. Kumtukana mtu hadharani bado ni kosa Rwanda, kwa hiyo kukosoa huduma na kumtukana anayeitoa ni vitu viwili tofauti.

Hukumu haivuki daraja

Ukizipanga hukumu hizi pamoja unaona mwelekeo mmoja. Majaji hawaulizi tu kama neno limemuudhi mkubwa. Wanauliza kama sheria iko wazi, kama kuna madhara ya kweli, na kama adhabu inalingana na kosa. Lakini kila hukumu ya nchi inaishia mpakani. Ushindi wa Kampala haumlindi aliyekamatwa Bujumbura, na wa Nairobi haumsaidii aliye Bukavu.

Rwanda bado ina kifungu cha 39 cha sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018. Kinamhusu anayechapisha kwa kompyuta, akijua, uvumi unaoweza kuleta hofu, uasi au vurugu, au kumwondolea mtu heshima. Adhabu ni miaka 3 hadi 5 na faini ya faranga milioni 1 hadi milioni 3.

Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, ilitunga sheria yake ya mambo ya kidijitali Machi 2023. Inamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu mitandaoni, na pia anayeisambaza. Mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa Septemba 2023 kuhusu habari ya kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende. Mwendesha mashtaka aliomba miaka 20. Mahakama ikatoa miezi sita Machi 2024, muda ambao alikuwa amekwisha kuumaliza rumande. Kwa anayevuka Rusizi kuna jambo jingine: tangu Februari 2025 Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, sheria iliyoandikwa Kinshasa na mamlaka iliyosimama upande wa pili wa daraja si kitu kimoja.

Kesi inayopaswa kukumbukwa zaidi na watu wa mpakani ni ya Floriane Irangabiye, mwandishi wa Burundi aliyekuwa akiishi Rwanda na kushiriki katika redio ya mtandaoni. Agosti 2022 alikwenda kwao, akakamatwa Bujumbura. Januari 2023 alihukumiwa miaka 10 kwa kuhatarisha mamlaka ya ardhi ya taifa, kutokana na maneno ya kwenye kipindi cha redio hiyo. Alitoka kwa msamaha wa Rais Agosti 2024. Neno lilisemwa upande mmoja wa mpaka, pingu zikafungwa upande mwingine.

Mlango wa Arusha

Kwa mkazi wa Rwanda, Burundi au Kongo anayetaka jaji wa nje ya nchi yake, mlango ulio wazi kanda hii ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupinga sheria au kitendo cha nchi mwanachama, bila kupita kwanza mahakama zote za nyumbani. Kuna masjala ndogo Kigali.

Shida ni muda. Mkataba unatoa miezi miwili tangu sheria ilipotungwa au kitendo kilipofanyika, au tangu mlalamikaji alipojua. Kesi nyingi zimekufa kwa kuchelewa. Anayeamini kwamba amekamatwa au kunyang'anywa simu kwa sababu ya maneno halali aandike tarehe siku hiyohiyo na amwone wakili mapema.

Kabla ya kubonyeza

Mawakili wa mipakani hawamshauri mtu anyamaze, kwa sababu biashara isiyo na habari ni kamari. Lakini hukumu hizi zinatoa maswali ya kujiuliza kabla ya kusambaza. Nimeona mwenyewe, au nimeambiwa? Kama nimeambiwa, niseme hivyo. Nazungumzia bei, foleni na huduma, au namtuhumu mtu kwa jina bila ushahidi? Ujumbe huu unamweleza mtu hali ilivyo, au unamsukuma amdhuru mwenzake kwa kabila lake au uraia wake? Na kundi hili lina watu wa nchi ngapi, nami nitavuka kwenda ipi kesho?

Jumuiya imewezesha mzigo wa mchuuzi mdogo kuvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Kwa maneno bado hakuna cheti kama hicho. Hukumu za Arusha zimeweka kipimo kimoja kwa nchi zote wanachama, lakini mpaka mabunge ya nchi hizo yakifuate, anayeishi Rusizi atalazimika kujua sheria tatu kabla ya kutuma ujumbe mmoja.