Mto Haujui Tarehe ya Idi



Kila mwaka, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vijana wa mtaani petu hunijia baada ya Tarawehe na swali lile lile: “Sheikh, Idi hii tunakwenda wapi?” Zamani jibu lilikuwa jepesi. Tulikwenda ufukweni, au Malindi, au Lamu kwa jamaa. Siku hizi wamewaona wenzao katika simu wakiteremka Mto Tana kwa mashua za mpira, makafi mikononi, maji yakiwarukia usoni, nao wanataka Sagana.

Sina pingamizi na mchezo huo. Ni wa halali, unafunza ushirikiano na unampa kijana ujasiri. Makala haya yanahusu jambo moja tu, ambalo nililijua kwa kuchelewa na kwa aibu kidogo: tarehe ya safari ya mtoni haichaguliwi kwa kalenda ya nyumbani. Huchaguliwa kwa hali ya mto.

Mwaka 2024, Idi ya Mfunguo Mosi iliangukia tarehe 10 Aprili. Shule zilikuwa zimefungwa, vijana wako nyumbani, na mimi nikaona tarehe imejileta yenyewe. Tukakusanya watu ishirini na wawili, wanaume, akina mama na watoto wakubwa. Tukakodi basi, tukalipa arubuni, tukaenda. Jioni tuliyofika, binti yangu alichomeka kijiti ukingoni, pale maji yalipoishia. Alikuwa akicheza tu.

Alfajiri niliteremka kutia udhu. Mbingu ilikuwa safi, nyota zinaonekana, na usiku kucha haikudondoka hata tone. Lakini kijiti hakikuwapo. Mahali nilipokuwa nimesimama jana kwa viatu vikavu palikuwa pamefunikwa, na maji yaliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa yamekuwa mekundu kama udongo wa Taita.

Baada ya kifunguakinywa tukashauriana. Waongozaji walituambia kwa uaminifu kwamba mto umepanda, kwamba wao wanaweza kuteremka na watu wenye uzoefu, na kwamba uamuzi ni wetu. Hapa ndipo penye aibu yangu. Nilikuwa wa kwanza kusema twende. Nilifikiria arubuni, nilifikiria safari ndefu kutoka Mombasa, na nilifikiria vijana watanionaje. Mama mmoja, mwenye mabinti wawili katika msafara, akasema kwa sauti ya chini: “Sheikh, nisamehe. Wewe utapanda kwa hiari yako. Hawa wangu watapanda kwa sababu umesema wewe.” Nilinyamaza, kisha nikawaambia wote tunarudi.

Sikuletewa ushahidi wa kunifariji. Kundi jingine la watu wazima liliteremka asubuhi ile ile na likarudi salama, linacheka. Vijana wetu walinung’unika njia nzima hadi Mtito Andei, na sehemu ya fedha haikurudi. Hata hivyo sijajutia uamuzi ule. Mtu kuvuka salama si dalili kwamba alikuwa na haki ya kuvuka na watoto wa watu. Ninachojutia ni kuipanga safari ya familia katikati ya masika na kudhani kwamba likizo ndiyo msimu.

Maji ya leo ni mvua ya mahali pengine

Sisi watu wa pwani hatukupaswa kufunzwa hili na mtu. Mababu zetu walisafiri kwa kaskazi na kusi. Hakuna nahodha aliyeng’oa nanga kwa kuwa ni siku ya harusi yake. Mvuvi hutazama bamvua na maji mafu kabla ya kutazama mfuko wake. Lakini tunapopanda basi kwenda bara, elimu hiyo tunaiacha Mariakani.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote katika Kenya, takriban kilomita 1,000. Maji yake hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita Sagana, huingia katika mabwawa ya umeme, likiwamo la Masinga ambalo ndilo hazina kubwa, kisha huenda Garissa, Hola na Garsen hadi baharini Kipini. Sagana iko juu ya mabwawa hayo. Kwa hiyo hapana kitu kikubwa cha kuyazuia maji kati ya mlima na mashua yako. Mvua ikinyesha mlimani jioni, mto waweza kupanda usiku ukiwa umelala chini ya nyota. Jua lililo juu ya kichwa chako halina habari za mlimani.

Mwezi wa Septemba 2019, katika korongo la Hell’s Gate karibu na Naivasha, watalii pamoja na mwongozaji wao walizolewa na maji ya ghafla, wakafa. Hawakuwa kwenye mashua, walikuwa wakitembea kwa miguu. Mvua ilinyesha upande wa juu, na maji yakawafuata korongoni. Mwezi huo hauhesabiwi katika masika wala vuli. Basi msimu ni mwongozo wa kwanza, na hali ya siku yenyewe ni wa pili. Mwenye akili hauachi hata mmoja.

Mito nayo hutofautiana tabia. Nile, pale Jinja nchini Uganda, hutoka Ziwa Victoria na kupita katika mabwawa, kwa hiyo mvua ya usiku mmoja haiutikisi, na watu huuteremka mwaka mzima. Zambezi, chini ya maporomoko ya Victoria, hujaa zaidi karibu na Aprili na Mei, wakati mvua zimekwisha kupungua, kwa kuwa maji huchukua muda mrefu kushuka kutoka nyanda za Angola na Zambia. Anayekwambia “mimi nimeteremka Jinja, najua mito” ameujua mto mmoja.

Kwa nini kiasi cha maji kinabadilisha kila kitu

Wenye fani hii hupima ukali wa mikondo kwa madaraja sita. La kwanza ni maji yanayotembea tu. La pili na la tatu ni mawimbi ambayo kundi la wanaoanza, pamoja na mwongozaji hodari, linaweza kuyapita. La nne na la tano yanahitaji watu wenye mazoezi. La sita kwa kawaida halipitwi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba daraja halikuandikwa juu ya jiwe. Mkondo ule ule waweza kuwa wa tatu mwezi wa Agosti na wa nne au zaidi mwezi wa Mei.

Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya mwili wa mtu huongezeka mara nne. Maji yakipanda, baadhi ya mawe hufunikwa na mawimbi yake hupotea, lakini penginepo huzuka mizunguko inayomrudisha aliyeanguka chini ya maji tena na tena. Miti ya ukingoni huingia mtoni, na matawi yake hufanya kazi kama chujio: maji hupita, mtu hubakia. Tena mahali pa kupumzikia baina ya mkondo na mkondo hupungua, na muda wa kumfikia aliyeanguka huwa mfupi.

Maji machache nayo yana hatari zake. Mawe hujitokeza, mashua hukwama, na mtu anayejaribu kusimama huweza kubanwa mguu baina ya mawe huku maji yakimsukuma kwa nyuma. Ndiyo maana waongozaji husisitiza kwamba ukianguka ulale chali, miguu mbele na juu, wala usisimame mpaka maji yawe ya kina cha magoti na yametulia.

Miezi na likizo za watoto

Likizo za shule zetu ni tatu, na kila moja inakutana na mto wenye sura nyingine.

Likizo ya Aprili iko ndani ya masika. Huu ndio wakati mto hujaa na kubadilika usiku mmoja. Ushauri wangu kwa familia na madrasa ni kuiacha kabisa.

Juni na Julai mvua huwa zimepungua na maji hushuka polepole. Ni wakati mzuri, ila ni kipupwe. Maji ya mlimani ni baridi kwa mtoto aliyezoea bahari ya Hindi, na shule ziko wazi.

Likizo ya Agosti ndiyo ninayoipendekeza. Kwa kawaida mto huwa wa wastani au chini kidogo, na hautabiriki kwa shida kama wa Aprili. Tulirudi Agosti ya mwaka ule ule, wengi wetu wale wale, na yule mama alikaa mbele kabisa ya mashua pamoja na mabinti zake.

Septemba hadi katikati ya Oktoba, na vilevile Februari hadi masika yaanze, maji huwa haba. Safari huwa ya kusukuma mashua kuliko kuteremka.

Likizo ya mwisho wa mwaka huanza ndani ya vuli. Novemba ni ya kujihadhari. Kuelekea mwisho wa Disemba na Januari mto huanza kutulia, lakini usiende bila kuuliza. Ipo miaka inayovunja kanuni: vuli ya 1997 na ile ya 2023, zilizokuja na El Niño, zilileta mafuriko ambayo ndugu zetu wa Garissa na Tana River hawajayasahau.

Ama Idi, kumbukeni kwamba mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na Idi huzunguka misimu yote kwa takriban miaka 33. Anayesema “kaka yangu alikwenda Idi, mto ulikuwa mzuri” amesema kweli kuhusu mwaka ule. Idi hiyo hiyo, miaka michache baadaye, huangukia maji mengine. Sherehekeeni Idi nyumbani, na safari ya mtoni iwekeni kwa miezi ya mto.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tazameni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, wa msimu na wa siku saba, na mtazame kaunti za mlimani, Nyeri, Kirinyaga na Murang’a, si Mombasa. Kisha waulizeni wenye mashua:

Je, mna kipimo cha maji ukingoni, na leo kinasoma nini ukilinganisha na wiki iliyopita? Ni kiwango gani kikifikiwa ninyi wenyewe husimamisha safari? Tukiahirisha kwa sababu ya mto, fedha zetu zinakuwaje? Je, kuna mwokozi anayetangulia kwa mtumbwi mdogo? Je, tunaweza kuteremka sehemu nyepesi tu, tukatoka nchi kavu kabla ya mikondo mikubwa?

Swali la fedha liulizwe mapema na jibu liandikwe. Nimeshuhudia mwenyewe jinsi arubuni inavyoweza kuzungumza kwa sauti kubwa kuliko akili.

Kwa akina mama na mabinti: buibui na baibui la kisasa havifai majini, kwani vikilowa huwa vizito na hunasa. Suruali pana isiyobana, kanzu fupi ya kitambaa kinachokauka upesi, na mtandio wa kubana usio na pini, unaokaa vizuri chini ya kofia ngumu, vinasitiri na havizuii miguu. Jaketi la kuelea livaliwe juu ya nguo zote na likazwe hata lisipande likivutwa mabegani. Viatu viwe vya kufungwa. Ombeni mashua ya wanawake peke yao, na mlitaje jambo hilo siku ya kuweka nafasi. Na mtu yeyote asidhani kwamba anaweza kuujaribu mchezo huu Garsen au Hola. Kule Tana ni mto wa mamba na viboko.

Mwisho, kabla ya kuondoka nyumbani, teueni mtu mmoja mwenye haki ya kusema “hapana” bila kujadiliwa. Asiwe kiongozi wa msafara, kwa kuwa kiongozi ana haya na hesabu zake. Awe mama mwenye watoto humo. Jioni mkifika, chomekeni kijiti ukingoni. Alfajiri mkishuka kutia udhu, kitazameni. Kikiwa hakipo, mfuateni mama huyo.

Tunamjua sote yule mbedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga. Kumfunga ngamia wa mtoni ni kuchagua mwezi, kupima maji na kukubali kurudi. Yaliyobaki tunamwachia Mola.

Wabillahi tawfiq.