Anza Kidogo, Uendelee

Mama anayelima, anayebeba maji na kutwanga sombe, anatumikisha mwili wake kila siku. Somo hili ni zaidi kwa wewe unayeketi tangu asubuhi mpaka jioni: kwenye meza ya kazi, kwenye mashini ya kushona, sokoni, ao juu ya pikipiki. Mutu anayeketi hivi miaka mingi anashikwa kwa urahisi zaidi na ugonjwa wa tansio, wa sukari ao wa moyo.

Wengi wakisikia neno hili, wanakimbia siku ya kwanza mpaka kuchoka kabisa. Kesho yake miguu inauma, nao wanaacha. Usifanye hivi. Mwili unazoea kazi polepole. Ukiuzoeza, moyo unasukuma damu vizuri zaidi, na nyama za miguu zinatumia sukari iliyo katika damu.

Jiwekee kipimo unachoweza kufikia. Juma la kwanza, tembea kwa haraka dakika 10, siku 5. Kila juma ongeza dakika 5. Juma la tano utafika dakika 30. Kwa siku 5, ni dakika 150. Ndicho kipimo cha chini kwa watu wazima ambacho Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitaja katika mwaka 2020.

Mwendo unaofaa ni huu: unaweza kusema na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Chagua saa ileile kila siku. Ukirudi, tia alama kwenye karatasi ukutani. Ukikosa siku moja, usiongeze mara mbili kesho yake, endelea tu. Juma likiwa gumu, lirudie.

Kama una ugonjwa wa moyo, tansio ao sukari, uulize munganga kwanza. Usiache dawa zako kwa sababu unatembea. Mugonjwa wa sukari avae viatu, na jioni atazame nyayo zake, maana anaweza kuwa na kidonda bila kusikia maumivu. Akitetemeka na kutoka jasho la baridi, anywe maji ya sukari mara moja. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, ao pumzi ikikatika, simama, upelekwe hospitali bila kukawia.

Usijipime na jirani anayekimbia. Tazama karatasi yako: zile dakika 10 zimekuwa 15.