Mwandishi Ajue Anachokiuza

Wiki iliyopita alifika ofisini kwetu kijana mmoja kutoka Wete, mkononi ana daftari la mashairi alilolifunga kwa kitambaa. Hakutaka kulifungua. Alituuliza kwanza ni wapi unapopigwa muhuri wa Serikali ili mashairi yale yawe mali yake, kwani alikwisha ambiwa kuwa bila ya muhuri huo yeyote atakayeyaona aweza kuyachukua.

Tulimweleza, na twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wote, kuwa hofu hiyo haina msingi. Mkataba wa Berne, uliofikiwa huko Uswisi mwaka 1886 na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, haukubali haki ya mtungaji itegemee muhuri wala usajili. Haki huzaliwa pamoja na utungo. Na kwa kuwa hakimiliki si miongoni mwa mambo ya Muungano, Zanzibar inayo sheria yake, Namba 14 ya mwaka 2003, na Tanzania Bara inayo yake, Namba 7 ya mwaka 1999. Hapa Visiwani kipo chombo cha COSOZA, na mtungaji anayekwenda kuiandikisha kazi yake huko hafanyi jambo la bure, maana siku ukizuka ugomvi atakuwa na cha kumwonyesha hakimu. Lakini mtoto huwa amekwisha zaliwa kabla ya cheti chake kuandikwa.

Kijana alipotulia ndipo alipotoa mfukoni karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni mkataba wa mchapishaji, umeandikwa kwa Kiingereza, anatakiwa autie saini kabla ya mwisho wa mwezi. Tulipousoma tuliona kuwa hatari aliyokuwa akiikimbia haikuwamo katika daftari hata kidogo. Ilikuwamo katika kifungu cha tatu cha karatasi ile, ambamo anatoa haki zote za kazi yake, kwa lugha zote, mahali popote na milele, kwa malipo ya mara moja.

Tuliijua karatasi ile, kwani sisi wenyewe tuliwahi kutia saini nduguye. Tulikuwa vijana, na furaha ya kuliona jina letu juu ya jalada ilitupofua macho. Tulipokea fedha zilizotosha kununua baiskeli, tukashukuru. Kitabu kikapendwa, kikaingia maskulini, kikapigwa chapa tena na tena. Nasi tulipouliza habari ya mrabaha tukajibiwa, kwa adabu kamili, kwamba kitabu hicho hakituhusu tena. Hatukuibiwa. Tuliuza, ila hatukujua tunachokiuza.

Ajabu ni kwamba mtu wa visiwa hivi hapaswi kufundishwa tofauti hii. Mwenye mikarafuu Pemba huikodisha mikarafuu yake kwa msimu. Aliyekodi huchuma, huanika, huuza, na msimu ukimalizika miti hurudi mikononi mwa mwenyewe. Wazee wetu walijua hata kuitenga milki ya mti na milki ya ardhi uliposimama, mnazi ukawa wa Fulani na kiwanja kikawa cha mwingine. Hakuna mkulima atakayekubali kuuza shamba kwa bei ya mavuno ya mwaka mmoja. Hakimiliki ni mti wa namna hiyo. Kuchapisha kitabu ni msimu mmoja, kukitafsiri ni msimu mwingine, kukisoma redioni, kukigeuza mchezo wa kuigiza au filamu, kila moja ni mavuno yake, na mwandishi aweza kumkodisha huyu moja na yule jingine. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ilipotoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, hayo yalikuwa mavuno mapya ya mti uliopandwa kwa Kiingereza mwaka 1994.

Na mti huu humzidi mpandaji umri. Mkataba wa Berne unataka haki idumu si chini ya miaka 50 baada ya kufa mtungaji, ikihesabiwa tangu Januari ya mwaka unaofuata. Muhammed Said Abdulla, aliyetupa Bwana Msa na Mzimu wa Watu wa Kale, alifariki mwaka 1991. Kwa kipimo hicho, haki katika kazi zake itafika mwisho wa mwaka 2041. Basi kijana anayetia saini leo anawatilia saini na wajukuu zake.

Liko jambo jingine ambalo Mkataba huo unamwachia mtungaji hata akiwa amekwisha uza kila kitu: kutajwa jina lake, na kuupinga upotoshaji unaomvunjia heshima. Hapa hatuna budi kuwageukia waheshimiwa maofisa wa Serikali. Mara nyingi ofisi humwita malenga atunge shairi la sherehe. Hulitunga, likaghaniwa, likachapwa katika kijitabu na kurudiwa mwaka wa pili, na jina lake halimo. Hatudhani kuwa yupo aliyekusudia kumdhulumu. Ni mazoea tu. Lakini kuliandika jina la mtu hakuhitaji fungu la bajeti.

Twaiomba pia Wizara inayohusika, pamoja na COSOZA, itayarishe mfano wa mkataba kwa Kiswahili fasaha, kurasa mbili zatosha, uwekwe katika maktaba na afisi za wilaya, Unguja na Pemba, ili mtungaji awe na cha kulinganishia kabla ya kushika kalamu. Twaliomba hili tukijua kuwa wachapishaji wetu nao hawaogelei katika fedha. Mchapishaji mwaminifu atapata nafuu kwa mkataba ulio wazi kuliko kwa kesi.

Kijana wa Wete tulimrejeshea karatasi yake bila ya saini. Katika kifungu cha tatu tulikuwa tumeandika kwa penseli: toleo la kwanza, kwa Kiswahili, nakala elfu moja, miaka mitano. Amekwenda nayo kwa mchapishaji, na tunangojea jawabu.