Kibera na Kawangware kwa miguu: ardhi ni ya nani?

Mtu wa Pwani akiaga kwenda Nairobi, hakuna anayemuuliza anafuata nini. Ama ana kesi, ama ana mgonjwa, ama anafuatilia paspoti ya kwenda Saudia. Akimaliza shughuli yake anarudi na basi la usiku. Sisi wanne tuliosoma chuo pamoja hatukuwa na lolote kati ya hayo. Tulifunga mikoba ya mgongoni kama wale vijana wa Kizungu tunaowaona wakishuka kivukoni Likoni, tukapanda treni ya Miritini kwa shilingi 1,500 kila mmoja, tukaenda kutembea siku mbili kwa miguu: ya kwanza Kibera, ya pili Kawangware.

Nyumbani walituuliza kuna nini cha kutazama huko. Swali lao lina haki. Mitaa ya mabanda si mbuga ya wanyama, na wale wanaokwenda na kamera kubwa kupiga picha watoto wa watu bila ya idhini wanastahili kukemewa. Lakini ukiitembea mitaa hii miwili kwa kufuatana utaelewa karatasi ya ardhi inaufanya nini ukuta wa nyumba. Mmoja wetu amezaliwa Majengo, Mombasa, katika nyumba ambayo mamake anaimiliki ila ardhi yake ni ya mwengine. Wasomaji wengi wa hapa wanaijua hali hiyo vizuri kuliko mimi.

Tulianzia Makina, na namshauri kila mgeni Muislamu aanzie hapo. Kuna msikiti, kuna wazee wenye kofia, na ukitoa salamu utajibiwa kwa ukamilifu wake. Hapo ndipo Kibera ilipozaliwa. Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliowatumikia Waingereza katika King's African Rifles, walianza kukaa hapa mwaka 1904, wakati huo kukiwa na miti mitupu. Neno lenyewe, kibra, ni la Kinubi na maana yake ni msitu. Kinubi kimetokana na Kiarabu, kwa hivyo ukitega sikio utadaka neno hapa na pale. Laini Saba, mtaa mwengine wa Kibera, jina lake limebaki kutoka uwanja wa askari wa kulenga shabaha.

Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, kuwa hifadhi ya jeshi. Hapa ndipo mkasa unapoanza. Askari walipewa ruhusa ya kukaa, hawakupewa hati. Mkoloni alipoondoka, ruhusa yake haikumfunga aliyekuja baada yake, na ardhi ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wanubi wakaonekana wageni katika mahali walipozikia baba zao, na vijana wao wakienda kuomba kitambulisho wakawa wanapigwa msasa na kamati, jambo ambalo Waislamu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa. Machi 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea haki watoto wa Kinubi kwa kutowatambua kama raia tangu kuzaliwa. Juni 2017 jamii hiyo ikakabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Zile nyengine zaidi ya 3,700 zilishakwenda.

Sasa tazama kuta. Kibera iliyobaki imejengwa juu ya ardhi ya serikali. Mwenye chumba hana hati, kwa hivyo hapati kibali cha kujenga kwa mawe, wala benki haiwezi kumkopesha kwa dhamana ya kitu asichokimiliki. Anajenga kwa udongo, fito na mabati, anaweka pesa kidogo iwezekanavyo ili zirudi upesi, kwa sababu tingatinga linaweza kufika wakati wowote. Julai 2018 lilifika kweli: barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata ilipitishwa ndani ya Kibera, na maelfu ya watu wakabomolewa nyumba pamoja na skuli. Aliyepanga chumba naye hawezi kudai choo wala bomba, maana mwenye chumba atamwambia hata yeye hapo si pake. Watu wanasema Kibera ni chafu kwa sababu ya wakaazi wake. Uchafu ule unaanzia afisi ya ardhi.

Jambo jengine la kusahihisha. Utasikia Kibera ina watu milioni moja, na wapo wanaoipenda hesabu hiyo kwa sababu inaita wafadhili. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Umasikini wao haupungui kwa hesabu hiyo, lakini uwongo wa milioni unawafanya wale watu kuwa maajabu, na mtu akishakuwa ajabu hakuna anayemuuliza anataka nini.

Kwa anayetaka kwenda: nenda mchana, na mwenyeji unayemlipa. Vaa viatu vya kufunga, si ndara, kwa sababu mitaro ya majitaka hukatiza njia. Pesa ziwe kwenye M-Pesa. Ramani ya simu inafaa, na hilo tuwashukuru vijana wa pale pale, maana kabla ya 2009 Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani za intaneti, wao ndio waliozunguka na vifaa wakichora kila kichochoro. Ukiona mabomba ya maji yamepita juu ya mapaa ya nyumba usishangae. Yameinuliwa makusudi yasipasuke chini na kuingiwa na uchafu. Reli inayokatiza Kibera ni ndugu wa reli ya zamani iliyoanzia kwetu Mombasa mwaka 1896, na biashara zimepangwa kandokando yake. Treni ikipiga honi watu wanasogea, ikipita wanarudi, bila ya hata kukatiza mazungumzo. Picha, uliza kwanza. Ukikataliwa, rudisha simu mfukoni. Ukipita soko la Toi, nunua kitu. Soko lile liliteketezwa katika fujo za baada ya uchaguzi wa 2007 na wauzaji mitumba wakalisimamisha tena wenyewe. Mimi nilinunua koti, baridi ya Nairobi si mchezo.

Siku ya pili tukaifuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, tukaingia Naivasha Road kuelekea Kawangware. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa watu wa umri wetu. Jina Kawangware linatokana na ngware, ambaye kwa Kikikuyu ni ndege tunayemwita kwale. Kwa hivyo Kawangware na Kwale yetu ni majina ya ndege mmoja. Niliwaeleza hilo wenzangu njia nzima mpaka wakaniomba ninyamaze.

Kwa haraka utasema mitaa hii ni mamoja: tope lile lile, mabati yale yale, mama wanaokaanga chapati mlangoni. Kisha utaona ghorofa za mawe zimechomoza katikati ya mabati, tena nyingi. Sehemu hizi za Dagoretti zilikuwa ardhi ya familia za Wakikuyu, zikapimwa na kuandikishwa kabla ya uhuru, kisha mipaka ya Nairobi ikapanuliwa na kuzimeza. Plotini mwenye hati alijenga vyumba vya mabati kuzunguka ua, bomba moja na choo kimoja kwa wote. Akipata mkopo anabomoa mabati na kupandisha ghorofa. Hakuna wa kumtisha kwa tingatinga.

Nisitiwe maneno kinywani: hati ile inamlinda mwenye nyumba tu. Mpangaji, chumba kikishakuwa cha mawe, anaongezewa kodi na asipoiweza anahama. Asubuhi utawaona akina mama wakitembea kwenda Lavington, mtaa wa matajiri ulio jirani kabisa, kufua na kusafisha nyumba za watu. Jioni wanarudi kwenye vyumba ambavyo, kwa hati au bila ya hati, si vyao. Hata hivyo kuna wa kumdai. Bomba likivunjika, mwenye nyumba anajulikana, na mlango wake unajulikana.

Tulikunywa chai kwa mzee mmoja mwenye plot karibu na steji ya 46. Mwenzetu wa Majengo alimuuliza hati yake aliipata vipi. "Aliiacha marehemu baba," mzee akajibu, akaendelea na chai yake kama aliyeulizwa saa.

Ndani ya treni ya kurudi, tulipofika karibu na Voi, mwenzetu alituuliza kama zile risiti za kodi ya ardhi ambazo mamake ameziweka kwenye sanduku tangu miaka ya themanini zina uzito wowote. Mmoja wetu ni karani katika afisi ya wakili. Alimwambia zina uzito wa kuthibitisha kwamba yeye ni mpangaji wa ile ardhi. Akamwambia pia azipige picha zote, kurasa mbele na nyuma, na aulize ardhi ile imeandikishwa kwa jina la nani leo, si jina lililokuwa kwenye risiti ya kwanza. Jumatatu wanakwenda afisi ya ardhi pamoja.