Mgahawa wa Kivietnam Ulaya: Uliza kilichomo kwenye mchuzi kabla ya kuagiza

Ukifika Berlin kwa masomo, kazi au kumtembelea ndugu, huenda wenyeji wakakuelekeza kwenye mgahawa wa Kivietnam. Chakula chake ni cha bei nafuu, hakichelewi, na kwa mtu aliyezoea wali na mchuzi si kigeni sana.

Migahawa hiyo ina historia. Mwaka 1980 Ujerumani Mashariki ilitia saini mkataba wa kuchukua wafanyakazi kutoka Vietnam, na ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 walikuwa takriban 60,000. Viwanda vilipofungwa wengi walipoteza kazi, na baadhi ya waliobaki walijiajiri kwa kufungua maduka na migahawa.

Kwa mwenye afya njema, hapo ni mahali pazuri pa kula. Lakini kama una shinikizo la damu, kisukari au ujauzito, au mtoto wako ana mzio wa karanga, elewa kwamba kinachoweza kukudhuru mara nyingi hakionekani kwa macho. Kimo ndani ya supu na sosi.

Mzazi wa mtoto mwenye mzio

Nyumbani, kashata au mboga iliyoungwa kwa karanga unaitambua. Huku karanga zilizopondwa hunyunyiziwa juu ya tambi, na pia husagwa kwenye sosi nzito ya kahawia. Kuziondoa kwa kijiko hakusaidii, kwa sababu chembe hubaki.

Tangu Desemba 2014, sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka migahawa kumweleza mteja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyosababisha mzio, vikiwamo karanga, samaki, kamba, soya, ufuta, ngano, mayai na maziwa. Ujerumani mara nyingi utaona herufi au namba ndogo pembeni ya jina la chakula, na maana yake ukurasa wa mwisho wa menyu. Angalia vizuri, maana herufi hizo hutofautiana kati ya mgahawa mmoja na mwingine.

Menyu pekee haitoshi. Andika kwenye karatasi "Mein Kind hat eine Erdnussallergie", yaani mtoto wangu ana mzio wa karanga, umwonyeshe mhudumu kabla ya kuagiza. Uliza pia kama kikaango na vijiko vinachangiwa. Wakijibu kwa kusitasita, nyanyuka mkale kwingine.

Kama daktari alimwandikia mtoto sindano ya adrenalini, iwe mkononi mwako mezani, si hotelini. Akipumua kwa shida, ulimi ukivimba, sauti ikibadilika au akilegea, mchome upande wa nje wa paja mara moja, kisha piga 112. Mlaze, usimtembeze. Akishindwa kupumua vizuri akiwa amelala, mkalishe. Vidonge vya mzio havichukui nafasi ya sindano. Hata akipata nafuu, apelekwe hospitali, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi.

Mwenye shinikizo la damu

Chumvi ya chakula hiki hutoka zaidi kwenye sosi ya samaki, inayotengenezwa kwa samaki wadogo waliochachushwa na chumvi kwa miezi mingi. Kijiko kimoja kikubwa kinaweza kuwa na zaidi ya gramu 3 za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima.

Kwa hiyo bakuli la pho, ile supu ya tambi, lile kwa mpangilio: maliza nyama, majani na tambi, kisha acha sehemu kubwa ya supu. Sosi ya pembeni chovya kidogo, usiimwage juu ya chakula. Mgonjwa wa figo naye afuate tahadhari hiyo.

Mwenye kisukari

Tambi za mchele ni wanga kama wali, na bakuli huwa kubwa. Omba tambi nusu na mboga zaidi. Sosi ya kuchovya huwekwa sukari, na kahawa ya Kivietnam huchanganywa na maziwa mazito yenye sukari nyingi. Agiza chai isiyo na sukari.

Mjamzito na mtoto mdogo

Pho ya aina ya tái huja na vipande vyembamba vya nyama mbichi ya ng'ombe vinavyotegemea joto la supu kuiva. Mjamzito achague chín, yaani nyama iliyoiva kabisa.

Choroko zilizochipua, zinazowekwa mbichi juu ya chakula, nazo ziombwe zipikwe. Mwaka 2011 mlipuko wa bakteria wa E. koli nchini Ujerumani uliua watu zaidi ya 50, na chanzo kilikuwa chipukizi za uwatu. Joto na unyevu vinavyochipusha mbegu ndivyo vinavyozalisha bakteria. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima hata kama hana mzio, kwa sababu zinaweza kumpalia.

Kabla ya safari, mweleze daktari wako unakokwenda, ubebe dawa za kutosha na jina la ugonjwa wako likiwa limeandikwa kwa lugha ya huko. Mezani usione haya kuuliza. Mhudumu amezoea maswali hayo, na sheria inakupa haki ya kujibiwa.