Kiinimacho na Kazi ya Msomaji: Tafakuri kuhusu Istilahi ya "Uhalisia Mazingaombwe"

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, istilahi za uhalisia mazingaombwe na uhalisiajabu hutumiwa mara nyingi kama visawe. Makala hii inadai kuwa si visawe, kwa kuwa kila moja inampa msomaji kazi tofauti. Ili kulidhihirisha hilo, tunaanza na sanaa ya mazingaombwe yenyewe.

Tuchukue uwanja wa shule ya msingi katika kata ya Nkuhungu, jijini Dodoma. Mfanya mazingaombwe amezungukwa na wanafunzi. Anaikunja kamba, anaikata katikati mbele ya macho yao, kisha anaikunjua ikiwa nzima. Hila yenyewe ni nyepesi: kinachokatwa si katikati ya kamba, bali ni sehemu fupi ya karibu na ncha iliyopandishwa kwa siri ndani ya kiganja na kushika mahali pa katikati. Hata hivyo, wepesi wa vidole pekee hautoshi. Tangazo kwamba kamba inakatwa katikati hutangulia mkasi, na hadhira huona ilichokwisha kuambiwa. Lugha yenyewe imeliweka hilo wazi: neno kiinimacho, lenye kiini na macho ndani yake, linaelekeza fikra kwenye jicho la mtazamaji kuliko kwenye mkono wa mtendaji.

Sanaa hii ina mapatano yake. Hadhira inajua kwamba ipo hila, na mtendaji anajua kwamba hadhira inajua. Mtoto anayenyoosha shingo kutoka safu ya nyuma hatafuti muujiza, anautafuta mkono. Hapo ndipo mazingaombwe yanapoachana na uganga, maana aendaye kwa mganga haendi kustaajabia ufundi wa vidole.

Zipo riwaya zinazosomwa kwa mapatano hayohayo. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Mohamed Said Abdulla, maiti inakutwa mahali pa mzimu, na hofu ya mahali hapo inafanya kazi ileile ya maneno ya mfanya mazingaombwe: inavuta macho upande mmoja ilhali tendo limefanyika upande mwingine. Bwana Msa ni yule mtoto wa safu ya nyuma. Anakataa kutazama anakoelekezwa, na mwishowe mkono wa binadamu unaonekana. Anayeirudia riwaya hiyo mara ya pili haipotezi ladha yake. Sasa anafurahia kuona namna alivyodanganywa.

Hali ni tofauti katika *Babu Alipofufuka* (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Babu anarudi kutoka kwa wafu na kumkabili mjukuu wake, K, kiongozi aliyezama katika anasa za madaraka. Hapa hakuna mkono uliofichwa wa kutafutwa. Riwaya haimtaki msomaji aulize babu amefufukaje. Inamtaka avumilie kuhojiwa pamoja na K. Msomaji aliyelelewa katika jamii inayowahesabu marehemu kuwa wangali sehemu ya ukoo hana haja ya kuambiwa kwamba ujio huo ni hila.

Yawezekana kupinga kwamba kila riwaya ni kazi ya ufundi, na kwa hiyo neno mazingaombwe linafaa kote. Ni kweli kwamba ufundi upo kote. Lakini istilahi ya kihakiki haitaji ufundi tu. Inaelekeza pia namna ya kusoma. Mwanafunzi aliyefundishwa kuiita *Babu Alipofufuka* mazingaombwe huharakisha kuifichua: babu ni ishara ya historia, K ni ishara ya tabaka tawala, na kazi imekwisha. Kamba imeunganishwa, lakini swali ambalo babu alikuja kuliuliza limeachwa bila jibu.

Tunapendekeza, basi, kwamba istilahi ya mazingaombwe ibaki kwa matini zinazoficha mkono na kumwalika msomaji autafute, na uhalisiajabu itumike kwa matini ambamo ajabu ni sehemu ya ulimwengu unaosimuliwa. Kabla ya kuiita riwaya kwa jina lolote kati ya hayo mawili, mhakiki na ajiulize kwanza: je, matini hii inanitaka niutazame mkono, au inanitaka nikae na kile ninachokiona?