Vazi la Kaboni na Ushahidi wa Kiinitete cha Samaki

Kaboni ni elementi tuliyoizoea: ndiyo makaa ya jikoni, na ndiyo iandikayo katika kalamu ya risasi. Lakini mwaka 1985 Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley waligundua kwamba atomi 60 za kaboni zaweza kuungana zikawa umbo la mpira wa miguu, lenye upana usiofikia nanometa 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Molekuli hiyo huitwa fulerini, nayo iliwapatia wagunduzi wake Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1996. Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japani alieleza juu ya mirija ya kaboni yenye wembamba unaopimwa pia kwa nanometa.

Chembe hizi hazipatani na maji. Zikitiwa majini hushikamana zikawa mabonge. Kwa hiyo aghalabu huvikwa utando wa dutu nyingine ipendayo maji, ili zipate kutawanyika na kutumiwa, kwa mfano katika majaribio ya kubeba dawa mwilini. Vazi hilo si kama sukari ipakwayo juu ya kidonge cha kwinini, ambayo huuhadaa ulimi tu. Vazi la chembe hubadili mahali ziendapo na yale zinayoyagusa. Je, tutajuaje kama chembe iliyovikwa ni salama?

Shahidi aonekanaye hadi ndani

Mmoja wa mashahidi wanaotegemewa ni kiinitete cha samaki pundamilia, yaani kiumbe kingali ndani ya yai. Samaki huyu mdogo, Danio rerio, asili yake ni mito na madimbwi ya Bara Hindi. Aliyemwingiza katika utafiti wa jenetiki ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliyechapisha makala mashuhuri juu yake mwaka 1981. Mayai yake hukua nje ya mwili wa mama, na kiinitete ni kiangavu kama kioo. Moyo huanza kupiga baada ya siku moja hivi, na mtafiti huuona kwa hadubini bila ya kupasua chochote. Tena, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba asilimia 70 hivi ya jeni za binadamu zina mwenzake katika samaki huyu.

Mwaka huo huo Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilipitisha utaratibu wa jaribio. Mayai 20 huwekwa katika kila kimoja cha viwango 5 vya dutu inayopimwa, kwa muda wa saa 96, katika joto la nyuzi 26 za Selsiasi. Dalili za kifo ni nne: yai kuganda, pingili za mwili kutotokea, mkia kutobanduka kwenye kiini cha yai, na moyo kutopiga. Mayai mengine huwekwa katika maji safi, na yasipopona angalau asilimia 90 ya hayo, jaribio lote hubatilika.

Hatia ni ya nani?

Hata hivyo shahidi husema tu kwamba amedhurika, bila kumtaja aliyemdhuru. Mwaka 2004 Eva Oberdörster wa Marekani aliripoti dalili za madhara katika ubongo wa samaki wachanga waliowekwa katika maji yenye fulerini. Habari hiyo ilizua hofu kubwa. Lakini fulerini hizo zilikuwa zimetayarishwa kwa kiyeyushi kiitwacho tetrahidrofurani. Mwaka 2007 kikundi cha Theodore Henry kilijaribu vifaranga wa samaki pundamilia kwa namna tatu: fulerini pamoja na kiyeyushi, kiyeyushi bila fulerini, na fulerini iliyokorogwa katika maji matupu. Vifaranga walikufa katika namna mbili za kwanza, wala si katika ya tatu. Mkosaji alikuwa mazao ya kuoza kwa kiyeyushi.

Mwaka huo pia watafiti wengine waliona kwamba mirija ya kaboni ilichelewesha viinitete kuanguliwa. Wao walishuku mabaki ya kobalti na nikeli, metali zitumikazo katika kuitengeneza. Tena mabonge ya mirija yalikuwa makubwa kuliko vitundu vya ganda la yai, ambavyo upana wake ni nusu ya mikrometa hivi. Basi dutu yaweza kuonekana haina hatia kwa sababu tu haikupata mlango wa kuingia. Ikivikwa ikatawanyika, pengine itaupata.

Lakini vazi laweza pia kupunguza ukali. Katika jaribio jingine la mwaka 2007, fulerini zilizotayarishwa kwa njia nyingine ziliviumbua viinitete kwa mikrogramu 200 tu katika lita. Zilizovikwa jozi za oksijeni na hidrojeni zilileta madhara hafifu zaidi hata kwa viwango vikubwa zaidi.

Kwa hiyo mpimaji mwangalifu huandaa vyombo vinne: maji matupu, vazi au kiyeyushi peke yake, kaboni isiyovikwa, na kaboni iliyovikwa. Mwalimu aweza kuwafunza wanafunzi kanuni hiyo hiyo kwa mbegu za maharage na maji ya sabuni ya unga. Awaulize kwanza: mbegu zisipoota, tutamshitaki nani, na ni chombo gani kitakachotuonyesha kwamba tumekosea?